Karamu Kwanza, Jiwe Baadaye

Watu waliokwenda kumzika mzee wetu kule Nyamigogo walirudi na swali moja: nani alimnyoa? Kwa miaka minne walikuwa wamemzoea na ndevu nyeupe zilizofika kifuani, yeye aliyewanyoa wao na baba zao, na sasa amelazwa kidevu kikiwa laini kama cha bwana harusi. Kinyozi hajinyoi, kila mtu anajua. Kijana wa mashine pale stendi aliapa kwamba si yeye, na wana wa marehemu wakanyamaza. Basi niseme mimi, kwa sababu ni mimi niliyemnyoa, siku moja kabla hajafa. Lakini kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana aliyemnyoa si habari kubwa kuliko aliyenyolewa.

Tulimwita Kinyozi, hata mbele yake. "Shikamoo, Kinyozi." "Marahaba, kaa." Salamu yake iliishia hapo. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Biharamulo, upande wa mabasi, na ndani mlikuwa na kiti kimoja cha mninga, beseni la maji lenye mawe matatu ya kunolea, mkanda wa ngozi ya ng'ombe uliopigiliwa misumari kwenye nguzo, na kioo kilichogeuziwa ukutani. Wageni walishangaa kuhusu kioo. Alikigeuza mara moja tu, kazi ikiisha. "Mtu akijiona anasogea," alisema, "na akisogea anataka kurekebisha. Mtu arekebishe maisha yake huko nje, hapa atulie."

Wembe aliotumia ni ule wa zamani wa kukunja, wenye mgongo mnene na mpini unaoumeza kama kisu cha mfukoni. Vile vidogo vya kufungua kwenye karatasi aliviita viwembe, na alivitamka kama mtu anayetaja watoto wa jirani wasio na adabu. Nyumba nyingi za wazee wilayani kwetu zilikuwa na wembe wa kukunja, mmoja wa familia, umelala sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo au Msahafu. Ndiyo maana kibandani kwake hawakuja wa kunyolewa tu. Walikuja wenye nyembe zinazosumbua, wamezifunga kwenye leso kama wanaopeleka mtoto zahanati.

Alizitibu kwa maswali. Hakuugusa wembe kwanza. Alitazama mikono ya mwenyewe, akauliza unaulaza wapi, nani mwingine anautumia, unanoa ukiwa umekaa au umesimama, umegombana na mtu? Hilo la ugomvi lilikuwa swali kweli. "Wembe hauna hasira. Hasira ni ya mkono." Katekista mmoja alilalamika kwamba wake unakwaruza kila Jumapili, kumbe aliufuta vizuri lakini akauviringisha kwenye kitambaa kibichi, na kutu ikala makali wiki nzima. Mzee mwingine alinoa kila asubuhi, mara mia, kwa bidii ya mkulima, na makali yakawa yanamegeka. Huyo aliambiwa akae mwezi mzima bila kugusa jiwe, apitishe wembe kwenye ngozi tu. Aliondoka amenuna, akarudi na kuku.

Siku moja alikuja mwenye duka na mkewe. Mume alifoka: wembe nimeunoa jana, leo hauna kitu, jiwe ulilonichagulia ni bovu. Kinyozi aliuinua wembe kwenye mwanga, akaona vijino katikati ya makali, akamtazama mke mara moja tu. Kisha akasema jiwe lina kasoro kidogo, atalishughulikia. Mume alipotoka kwenda kutafuta chai, Kinyozi alimpa yule mama kisu kidogo cha jikoni. "Cha kukatia kamba za magunia," akamwambia. "Hiki hakigombani na mtu." Nilikuwa kwenye kiti, sabuni usoni, nikashuhudia. Wembe wa mwenye duka haukusumbua tena, naye analisifu jiwe lile mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi, na sina budi kukiri kwamba ndimi niliyemsumbua zaidi. Huku kwetu l na r zinabadilishana viti. Hata mimi nilichapwa nikiwa mdogo kwa kuandika "chakura", na nilipopata chaki yangu nikawa mkali kuliko walionichapa. Kwa hiyo Kinyozi aliposema "wembe mkari", sikuweza kuvumilia.

"Mkali, Mzee. Kwa l."

"Mwarimu, nikikunyoa na wembe wa r utatoka damu?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Nilimrekebisha kwa miaka kumi na mitano, naye hakubadilika hata herufi moja. Alinivumilia kama alivyovumilia nzi. Siku nilipomwomba anifundishe kunoa alicheka mpaka akaweka wembe chini. "Mwana akiriria wembe, mpe," akasema, na akanipa wembe mzee usio na mpini nianzie huo. Sikuwa mwanafunzi mzuri. Nilibonyeza. Kila nilipomletea wembe alipitisha makali kwenye ukucha wa kidole gumba, akanirudishia na kusema neno moja: "Bado." Nimesahihisha madaftari maelfu na sijawahi kumwandikia mtoto neno linalouma kama lile.

"Sasa nitajuaje kama tayari?" nilimuuliza.

"Mtu akirara chini yake. Ukimnyoa mtu akarara, wembe umekubari. Akikodoa macho, bado."

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sitaki kumfanya malaika. Alihubiri utulivu, lakini chai aliinywa inachemka, akijiunguza na kulaani kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Alipenda ukimya, ila redio yake ilipiga kelele kuliko spika za stendi. Hakumnyoa mlevi hata kwa kubembelezwa, na Jumapili baada ya ibada rubisi, ile pombe ya ndizi, ilimkuta nyumbani. Alikuwa Mkristo wa kwaya, na Ijumaa asubuhi wazee wa Kiislamu walinyolewa wa kwanza, Wakristo wasubiri. Mtu akinung'unika aliambiwa asubiri Jumapili yake. Mpira ndio uliomtoa utu kabisa. Timu yake ikishinda alinoa wembe hewani mbele ya washabiki wa upande wa pili, akitamba, "Wembe ni ure ure!" mpaka watu wazima wakaondoka na nywele zao.

Jambo ninalomheshimia kuliko yote ni la miaka ile ugonjwa ulipoingia mkoani kwetu, na watu walikuwa bado wanabishana kama upo. Kwetu mila ilikuwa kwamba msiba ukiisha, ukoo mzima unanyolewa kwa wembe mmoja. Kinyozi alikuwa wa kwanza kukataa. Kichwa kimoja, wembe mmoja. Alisema hivyo kwa wazee waliomzidi umri, kwenye misiba yao, huku wakimwambia anavunja ukoo. Alitafuta makopo ya majani ya chai, akaandika jina la kila mteja kwa mkono wake mbaya, akaweka wembe wa kila mtu kwenye kopo lake. Wasio na wembe walikuja na kiwembe kipya. Wembe wa kukunja aliupenda kuliko kitu chochote, na akawatuma watu kununua viwembe. Kwa miezi kibanda kilikuwa kitupu. Sijui ni wangapi wapo hai kwa sababu ya makopo yale, na yeye hakupenda kuulizwa.

Sasa kuhusu ndevu. Nilikuwa mteja wake wa mwisho, na nilitoka kibandani nusu ya uso ikiwa imenyolewa. Alikuwa amefika chini ya sikio la kushoto. Nikauhisi wembe ukisimama, na juu ya ngozi yangu kitu kikatetemeka, kidogo sana, mara moja. Aliuinua, akaukunja, akaufuta mpini.

"Nenda kamarizie kwa kijana wa mashine."

"Mzee, hujanikata."

"Ndiyo maana naacha reo."

Hakugeuza kioo. Kesho yake kibanda kilifungwa, akahamia shambani Nyamigogo, na ndevu zake zikaanza kuota. Mashine hakuitaka. "Inakata nywere. Hainyoi." Na mkono wake mwenyewe hakuuamini tena. Mtu aliyeniacha na nusu uso kuliko kunihatarisha asingejikata mwenyewe kwa ubishi. Watu walimcheka. Mimi kila nikipita njia ile niliona haya, kama mwanafunzi anayejua angeweza kusaidia kama angesoma.

Halafu baba yangu akafariki, nyumbani Bugarama. Siku ya kumaliza matanga iliwekwa Jumamosi, na mama akasema jambo moja tu: atanyolewa kwa wembe wa baba. Si kwa mashine. "Sitaki kitu kinachoniungurumia kichwani siku hiyo." Baba ndiye aliyemnyoa alipofiwa na wazazi wake, na alipofiwa na dada yangu mdogo, kwa wembe ule ule. Baba hayupo, basi mkono uwe wa mwanawe mkubwa. Ndugu zangu wangenyolewa kwa viwembe vyao, kila mtu na chake, hilo lilikuwa limeshakubalika hata Bugarama. Lakini kichwa cha mama, ambacho kina ngozi kama karatasi, kilikuwa changu, na nilikuwa na siku nne.

Nikatoa wembe sandukuni na jiwe la baba chini ya kitanda, nikanoa Jumanne nzima. Nikajijaribu mkononi: unavuta. Nikanoa tena: unavuta pembeni na kuruka katikati. Nikajikata. Niliogopa, nasema wazi. Niliwaza damu juu ya kichwa cha mama mbele ya ukoo, na yeye akikaza meno asinipe aibu. Nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia Kinyozi.

Sauti ilikatikakatika. Nilimweleza. Akauliza nanoa nimekaa au nimesimama. Kisha akasema, na hili nililisikia wazi, "Mwarimu, usienderee kunoa kipofu. Karamu kwanza, jiwe baadaye. Ukishapata karamu, ndipo utaona tatizo ripo wapi." Na simu ikazimika.

Nikashuka kilima nikiwaza. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyesimamia matanga, nilipomweleza aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa. "Mzee yule anajua mila. Wembe wa marehemu haunolewi watu hawajala. Sisi ndio tumesahau." Mama hakuwa na hakika, lakini nani abishane na Kinyozi? Jumatano tukachinja mbuzi aliyekuwa wa Jumamosi. Majirani walikula, wakatushukuru, wakauliza kuna nini, baba mdogo akawaeleza mila ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na wazee wawili wakasema wanaikumbuka. Alhamisi asubuhi nikanawa mikono, nikanoa kwa moyo safi. Wembe ukavuta vile vile.

Nikapanda kilima.

"Mzee, karamu tumefanya. Bado unavuta."

"Umeona wino umebaki wapi?"

"Wino gani?"

"Mwarimu. Umepaka nini kwenye makari?"

"Sijapaka kitu, Mzee. Tumechinja mbuzi."

Nilisikia simu ikianguka. Nilisikia kikohozi, na mtu akimuuliza kuna nini, na ndipo nilipotambua kwamba mzee wa watu anacheka kiasi cha kukosa pumzi. Nami hapo hapo kilimani nikaelewa. Kalamu. Kalamu ya kuandikia. Mimi, niliyekata alama za watoto kwa herufi ile kwa miaka ishirini, niliyemsahihisha yeye kila alipofungua kinywa, nimechinja mbuzi kwa ajili ya r.

"Arikuwa mnono?" akauliza alipoweza kusema.

"Mnono, Mzee."

"Basi si hasara. Sasa tafuta karamu ya wino, ire nene."

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, maka peni nyeusi ya kuandikia mabango ya shule. Maelekezo yalikuwa rahisi kuliko nilivyostahili: paka wino kwenye makali yote, pande zote mbili, laza wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe, pitisha mara tano tu, tazama. Wino ulipoondoka, jiwe limefika. Ulipobaki, jiwe halijafika, na unaweza kunoa hapo mpaka Pasaka.

Nikashuka, nikapitisha, nikapanda tena kumweleza: wino ulikuwa umeondoka ncha zote mbili. Katikati ulibaki mweusi ti.

"Basi si wembe," akasema. "Wara si mkono wako. Jiwe rina bonde."

Nyumbani nikaweka rula juu ya jiwe la baba, nikaona mwanga ukipita chini yake. Ni kweli. Baba alilinolea mapanga na visu miaka yote, katikati pakaliwa, na wembe ulikuwa unakaa juu ya kingo mbili kama daraja. Siku tatu niliulaumu wembe, kisha mkono wangu, kisha nikamlaumu marehemu kimoyomoyo kwa kuniachia kitu kibovu. Ijumaa kutwa nililisugua jiwe lile kwenye baraza la saruji, kwa mchanga na maji, mpaka rula ikalala bila mwanga. Nikapaka wino tena. Ukaondoka wote, kutoka ncha hadi ncha.

Nikarudi kilimani na jiwe, chupa ya maji na wembe, nikaweka simu kando ya jiwe ili asikie. Wapita njia walinipa pole, wakidhani msiba umenizidi. Naye kutoka Nyamigogo akasikiliza.

"Unabonyeza."

Nikalegeza.

"Bado unabonyeza. Uzito wa wembe unatosha. Toa mkono wako, Mwarimu, acha wembe ufanye kazi."

Nikalegeza mpaka nikahisi siushiki tena. Sauti ikabadilika. Iliacha kukwaruza ikawa kama maji yanayopita kwenye majani.

"Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo."

Jumamosi tulikula maharage. Mama alikaa kwenye kigoda, nikamlowesha nywele, nikaanza nyuma ya shingo. Wembe ulipita. Alianza kusimulia jinsi baba alivyokuwa akipumua kwa nguvu akinyoa, kisha maneno yakapungua, kisha kichwa chake kikawa kizito kwenye kiganja changu cha kushoto. Ukoo mzima ulikuwa unatazama, na mama yangu alikuwa amelala. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia.

Jioni nilimpigia. "Mzee, mama amelala." Akasema, "Ukipita Nyamigogo, njoo na jiwe. Na ire karamu yako."

Nilipita majuma matatu baadaye, nikirudi Biharamulo. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, ndevu kifuani, mikono miwili imeshikana mapajani ili mmoja umzuie mwenzake. Kopo la majani ya chai lilikuwa tayari juu ya stuli, na juu yake, kwa ule mwandiko mbaya, jina lake mwenyewe. Kichwa kimoja, wembe mmoja. Wembe wake ulikuwa haujaguswa miaka minne.

Nikapaka wino. Nikanoa. Nikampa, akaupitisha kwenye ukucha kwa shida.

"Bado."

Nikanoa tena.

"Bado."

Mara ya tatu alinirudishia, akaegemeza kichwa ukutani na kuinua kidevu.

Nilipunguza ndevu kwa mkasi, nikapaka sabuni, nikaanza chini ya sikio la kushoto, pale aliponiachia mimi. Mwanzoni macho yake yalikuwa wazi, yakifuatilia mkono wangu kama msimamizi wa mtihani. Shavu la kwanza likatoka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kishimo kidevuni. Nilipofika upande wa pili kope zilikuwa zimeanguka, na mikono yake mapajani ilikuwa imeachiana. Haikutetemeka.

Nilimaliza. Nilifuta povu la mwisho, nikaukunja wembe, na bila shaka ulisikika ukifungwa, kwa sababu aliuliza macho yakiwa yamefumbwa bado, kwa sauti ya mtu anayeongea kutoka mbali:

"Umemariza?"

Nikaufungua tena wembe taratibu, nikauweka mgongo wake, upande usiokata, juu ya shavu lililokwisha kuwa laini, nikaupitisha chini polepole.

"Bado, Mzee," nikamwambia. "Rara."